Mkono wa Mwandishi wa Zamu

1

Mheshimiwa Semboja alikuwa bado anakohoa, hajatamka hata "Mheshimiwa Spika", wakati mkono wa Namkunda ulipoanza kuiandika hotuba yake.

Mwanzoni Namkunda hakuona ajabu. Mwandishi wa Hansard akishakaa miaka kadhaa mbele ya kiti cha Spika, vinywa vya waheshimiwa anavijua kuliko wake zao wanavyovijua. Anajua nani atamshukuru Mungu, nani atawashukuru wapiga kura, na nani atashukuru weee mpaka kengele ya kwanza igongwe kabla hajaigusa hoja. Maneno ya namna hiyo mkono huyaandika wenyewe, akili ikabaki kuwaza mboga ya jioni. Lakini huyu mbunge wa Itundu, mwembamba, mwenye sauti ya kukwaruza, hakuwa na mtindo wa shukrani. Na kwa jinsi Namkunda alivyokumbuka, hata kusimama alikuwa hasimami sana.

"Mheshimiwa Spika," alisema hatimaye, "kabla sijachangia hoja iliyo mezani, lipo jambo wapiga kura wangu wamenituma."

Penseli ilikuwa imeshayaandika hayo yote. Ilikuwa mstari wa chini yake, inakwenda mbio: *nije niliulize Bunge lako tukufu kuhusu ukuta wa Bwawa la Lwangiro.*

"Wamenituma," alisema Semboja, "nije niliulize Bunge lako tukufu kuhusu ukuta wa Bwawa la Lwangiro."

Namkunda aliinamisha macho. Alitazama mkono wake wa kulia, mkono uleule wenye kovu la mafuta ya maandazi, ukikunja vialama vya hati mkato bila kumsubiri mtu. *Ukuta unatoa maji, Mheshimiwa Spika. Si jasho kama wanavyotuambia. Ni maji.* Akaubana kwa mkono wa kushoto chini ya meza. Vidole viliendelea kuchezacheza dhidi ya paja lake.

"Ukuta unatoa maji, Mheshimiwa Spika," alisema Semboja. "Si jasho kama wanavyotuambia..."

Kengele ikagongwa. Spika Rukonge, mama mnene mwenye miwani inayomshuka puani, aliinua nyundo. "Mheshimiwa Semboja, muda wetu wa asubuhi umekwisha. Utaendelea jioni, nawe ndiye utakayeanza. Waheshimiwa Wabunge, nasitisha shughuli za Bunge mpaka saa kumi."

Waheshimiwa walimiminika kwenda kula. Namkunda alibaki kitini, karatasi mkononi, na juu ya karatasi ile kulikuwa na maneno ambayo Semboja alikuwa hajayasema. Alitaka kucheka, akashindwa. Itundu ndiko alikoolewa dada yake Eliwaza, na nyumba ya Eliwaza ilikuwa chini ya bwawa lile, kiasi kwamba wageni wakija huoneshwa ukuta kupitia dirisha la jikoni.

2

Penseli ilikuwa imerudi bungeni baada ya mashine kujifunza kuiga sauti ya mtu yeyote, aliye hai na aliyekufa. Ilifika mahali waziri anasikika kwenye kanda akikiri wizi ambao hakuufanya, na mwenzake aliyeiba kweli anasema kanda yake ni ya kughushi, na hakuna hakimu wa kuwatenganisha. Ndipo Jamhuri ya Nyanda ikaamua kwamba litakaloaminika ni lile lililoandikwa kwa mkono wa binadamu aliyeapa, ndani ya ukumbi, watu wakimwona.

Mzee Chikoti, mhariri mkuu wa Hansard, ndiye aliyefufua hati mkato, ile njia ya kuandika upesi kwa vialama, kutoka kwenye vitabu vilivyoliwa na mende, na ndiye aliyemfundisha Namkunda. Hati mkato ya mtu huwa ni yake peke yake. Mwandishi mwingine akiitazama haambulii kitu. Lakini mkono wa Namkunda, Mzee Chikoti aliusoma kama gazeti.

"Shikamoo, mzee," alisema Namkunda akiingia ofisini kwake.

"Marahaba, binti yangu. Mbona midomo imekukauka hivyo?"

Namkunda aliweka karatasi mezani. Mzee alivaa miwani, akasoma huku akitikisa kichwa, kisha kichwa kikaacha kutikisika. "Semboja aliishia wapi?"

"Hapa." Namkunda aliweka kidole.

"Na haya mengine?"

"Hajayasema."

Mzee Chikoti alicheka kidogo, akidhani anataniwa. Alipomwona usoni, aliinuka akafunga mlango.

"Lini Semboja alizungumzia bwawa humu ndani?"

"Hajawahi, mzee."

"Hata mimi najua hajawahi," alisema mzee. "Hilo ndilo linalonitisha."

Aligusa nyuma ya sikio lake, pale penye kipuli. Kila aliyeingia katika majengo ya Bunge alibandikwa kipuli na mlinzi wa mlangoni, awe Spika au mfagizi, na hakikutoka mpaka Bunge liahirishwe na milango ifunguliwe. Simu nazo zilibaki langoni. Zamani mbunge akiteleza ulimi aliambiwa afute kauli, naye akasimama, akasema "naifuta", wenzake wakaangua kicheko, na kila mmoja akaenda nayo nyumbani. Kauli moja ya aina hiyo, iliyofutwa kwa mdomo tu, ndiyo iliyowasha vita kati ya watu wa Itundu na watu wa milima ya Ngaramo. Mzee Chikoti alizika watoto wawili wa kiume katika vita vile. Vilipokwisha, Bunge lilitaka kufuta kuwe kufuta kweli. Spika anabonyeza kitufe, vipuli vinapiga mlio mwembamba ambao sikio halishiki, na watu wote wanajikuta wamekaa vitini, saa ya ukutani imesogea, hawakumbuki kilichosemwa. Karatasi za mwandishi huangukia kwenye tanuri lililo chini ya meza. Kwenye Hansard hubaki mstari mmoja: *(Hapa maneno fulani yalifutwa.)*

Na watu walikuwa wamelala kwa amani tangu siku hiyo, hilo hakuna aliyelipinga.

"Kipuli kinafuta tukio," alisema Mzee Chikoti polepole. "Kinafuta ulichosikia, ulichoona. Lakini mtu aliyefutwa hasahau kuendesha baiskeli, sivyo? Hasahau kusuka nywele. Ujuzi wa mikono unakaa mahali pengine, kipuli hakifiki huko. Mara moja, mkono haushiki kitu. Lakini ukiandika maneno yaleyale tena na tena na tena..." Hakumaliza.

"Kwa hiyo ameyasema."

"Ameyasema mpaka mkono wako umeyazoea." Mzee alikaa chini kwa uzito. "Usiuachie tena, Namkunda. Nakuomba. Mwambie mganga wa Bunge vidole vimekufa ganzi, mimi nitaweka mtu mwingine jioni. Wakijua kwamba mikono ya waandishi inashika, watailainisha mikono yetu sote, waufute ujuzi wake, na mkono uliolainishwa hata kijiko haushiki sawasawa. Na tena fikiria mengine yaliyofutwa humu. Yale matusi. Ile miito ya kuchinjana. Yote yamo mikononi mwetu. Utayatoa?"

"Mzee, dada yangu yuko Itundu."

Namkunda alivuta karatasi nyeupe, akashika penseli, akafumba macho, akauachia mkono.

Uliandika kwa kasi ambayo hajawahi kuiona. Alisikia penseli ikikwaruza, akasikia karatasi ikigeuzwa na Mzee Chikoti, ikigeuzwa tena. Mzee alikuwa akisoma kwa sauti ya chini, mwanzoni kwa haraka kama anavyosoma rasimu zote, halafu taratibu.

"'Semboja: Kuna ufa, Mheshimiwa Spika. Kisu kinaingia mpaka kwenye mpini. Waziri wa Maji: Kuhusu utaratibu! Spika: Mheshimiwa Semboja, thibitisha au ufute kauli. Semboja: Sina karatasi, nina macho tu.' Kicheko." Mzee aligeuza karatasi. "'Waziri wa Maji: Mheshimiwa Spika, sitaki kulidanganya Bunge lako. Nina ripoti ya wahandisi hapa. Ni kweli. Ukuta una ufa, na hautahimili.' Masanyiwa? Masanyiwa alisema hivi mbele ya watu?"

"Endelea, mzee."

"Hapa kuna alama siijui. Mstari mrefu, umelala. Sijakufundisha alama hii."

Namkunda alifumbua macho akaitazama. Wala yeye hakuijua. Hansard ina alama ya makofi, ya kicheko, ya minong'ono, hata ya mbunge kutolewa nje na askari. Kisha akaelewa. Ilikuwa alama ya kimya. Ukumbi ulinyamaza kwa muda mrefu mno, naye, mwandishi anayetakiwa kuandika kila kitu, alikosa la kuandika, akaibuni palepale. Na baadaye akaitumia tena, na tena, maana mkono uliichora bila kusita.

Mzee aliendelea. Waziri alieleza kwamba bwawa haliwezi kukarabatiwa likiwa limejaa, na haliwezi kupunguzwa bila maji kufurika Itundu. Njia ni moja tu, kuwahamisha watu, na mahali ni pamoja tu, milima ya Ngaramo. Mbunge wa Ngaramo akasimama akasema wakipanda watapokewa kama walivyopokewa wakati wa vita. Kelele. Makofi. Mtu akalia. Halafu mbunge mmoja wa nyuma, mpole, akatoa hoja kwamba mambo haya ni mazito, na kwamba Bunge lina njia yake ya kujinusuru: yote yaliyosemwa yafutwe, ripoti iende tanurini pamoja na karatasi, na Mungu awasimamie wahandisi.

Kwa mujibu wa sheria, kumbukumbu ya mtu haiguswi bila neno la kinywa chake mwenyewe. Walioiandika waliogopa madikteta, wakataka kila aliye ukumbini aulizwe, hata mwandishi wa zamu; walio nje ya ukumbi walihesabiwa wameridhia pale langoni walipobandikwa kipuli. Akikataa mtu mmoja tu, kitufe hakibonyezeki. Na kufuta huanzia pale mwenye kauli alipoanza kuisema, hata kama alianza asubuhi.

"'Naridhia. Naridhia. Naridhia,'" alisoma Mzee Chikoti, ukurasa mzima. "'Semboja: Naridhia. Waziri wa Maji: Naridhia.'" Kidole chake kikasimama. Alinyanyua macho, akamtazama Namkunda kwa namna ambayo hajawahi kumtazama. "'Mwandishi wa zamu...'"

"Mwandishi wa zamu kafanyaje?"

"'Mwandishi wa zamu: Naridhia.'"

Namkunda alimnyang'anya karatasi. Lilikuwa neno lake. Mkono ulikuwa wake, kinywa kilikuwa chake. Aliitafuta sababu juu yake na chini yake, lakini hati mkato haichukui kisichosemwa. Alikuwa amesikia kwamba maji yatamfuata Eliwaza jikoni kwake, na watoto wake wadogo wanaomwita mama mdogo, na akasema anaridhia. Kisha alienda nyumbani akala, akalala.

Mkono ulikuwa umeshaanza upya. *Mheshimiwa Spika, kabla sijachangia hoja iliyo mezani.* Safari hii ufa uliingia ngumi. Waziri alikiri tena, akishtuka upya, kwa kuwa kila alipopewa ripoti na wahandisi aliileta humu, na humu ndimo ilimobaki. Kimya. Naridhia. Mwandishi wa zamu: Naridhia. Mkono ukaanza tena. Safari hii mbuzi alikwama ndani ya ufa, wakamvuta kwa kamba. Naridhia.

"Acha!" alisema Mzee Chikoti. Akaishika ile penseli, akaivunja.

Nje waheshimiwa walikuwa wakicheka kwenye veranda ya mgahawa, wakigombania samaki.

"Itakuwa mimi niliyekushauri," alisema mzee. "Hizo mara zote. Labda hata haya tumeshayazungumza, mimi na wewe, hapa hapa. Na nitakushauri tena, Namkunda, maana sijui la kukuambia zaidi ya hilo. Wakipanda Ngaramo watachinjana. Mimi niliona. Nilimtambua mwanangu kwa mkanda. Ukuta ule huenda ukasimama mpaka tufe wote, lakini panga la Ngaramo halisubiri mvua."

Namkunda aliokota vipande vya penseli. Angekuwa na jibu la hilo, pengine angelisema mara ile ya kwanza.

"Weka mtu mwingine," alisema mzee. "Usiingie."

"Mtu mwingine ataridhia, mzee. Kama nilivyoridhia mimi."

3

Saa kumi jioni Semboja alisimama. Namkunda alikuwa na penseli mpya, na mkono wake ulimtangulia kidogo tu mbunge kama ulivyomtangulia asubuhi, mpaka alipofika kwenye ufa.

"Mheshimiwa Spika, akina mama wa Itundu wanachota maji ukutani," alisema Semboja. "Wanakinga ndoo. Ndoo inajaa kabla mtu hajamaliza kumsalimia mwenzake."

Hayo mkono haukuyajua. Ulisimama, ukamsubiri, ukayaandika kama unavyoandika maneno ya mgeni.

Masanyiwa, Waziri wa Maji, alikuwa mtu wa makamo mwenye tai iliyokazwa mno. Aliinuka kwa hasira ya kweli. Namkunda alimtazama, akaona kwamba haigizi. Kuhusu utaratibu! Thibitisha au ufute! Kisha alifungua bahasha ya wahandisi aliyokuja nayo kwapani, akasoma ukurasa wa kwanza ili amuumbue Semboja, na uso ukampauka. Namkunda alikuwa anajua kila kitakachotokea, na bado alishtuka. Kusoma neno *Ni kweli* kwenye karatasi ni jambo moja. Kumwona mtu mzima akilitamka huku mkono umeshika kiti asianguke ni jambo jingine kabisa.

"Ni kweli," alisema Masanyiwa. "Mheshimiwa Spika, wanasema mvua hizi hautazivuka."

Namkunda akachora ule mstari mrefu uliolala.

Yaliyofuata yalifuata. Mbunge wa Ngaramo, Ngaramo ile iliyomuulia Mzee Chikoti watoto, alisimama akasema aliyosema. Watu walipiga meza. Mbunge mpole wa nyuma alitoa hoja yake kwa sauti ya upole uleule, na ungemwona ungesema anaomba radhi kwa kuchelewa mazishini. Hoja iliungwa mkono. Spika Rukonge alivua miwani, akaifuta kwa joho, akaivaa.

"Waheshimiwa, nitawauliza mmoja mmoja kama sheria inavyonitaka."

Naridhia. Naridhia. Lilikuja safu kwa safu, wengine wakilisema kwa haraka kabla swali halijaisha. Semboja alipofikiwa alikuwa analia waziwazi, kamasi zinamtoka, na Namkunda alimkazia macho akimwomba kimoyomoyo, wewe walau, wewe mwenye watu wako kule. Semboja alimtazama Spika.

"Mheshimiwa Spika, nikitoka na jambo hili nikawaambie nini? Wapande wakachinjwe, au wakae wasombwe? Mimi siliwezi." Akapangusa uso. "Naridhia."

Ndipo Namkunda alipoijua sababu ambayo mkono haukuiandika. Haikuwa hila wala ubaya. Kila mtu mle ndani alikuwa na hofu kubwa kuliko kifua chake, na mbele yao palikuwa na kitufe cha kuiondoa. Yeye mwenyewe alitamani kuamka kitini akiwa hana habari, anajiuliza mbona saa imesogea, aende zake nyumbani akapike. Alilitamani jambo hilo mpaka akajionea aibu. Na Mzee Chikoti naye hakuwa amesema uongo. Huenda kuna watu wa Itundu watakaokufa Ngaramo kwa sababu ya neno moja la mwandishi, na hao watakuwa wake, atawabeba yeye, kwa kuwa safari hii hakuna wa kumfutia.

"Mwandishi wa zamu," alisema Spika, bila hata kuinamisha kichwa kumtazama. Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe. "Unaridhia?"

Mwandishi hana sauti ukumbini ila kwa neno hilo. Namkunda aliweka penseli chini.

"Siridhii."

Spika alibonyeza. Kitufe hakikuingia. Alibonyeza tena, kisha ndipo akainama.

"Mwandishi, Kiti hakijakusikia vizuri."

"Siridhii, Mheshimiwa Spika."

Ukumbi ulilipuka. Mmoja alidai atolewe nje. Mwingine alisoma kifungu cha sheria kwa sauti kubwa, akagundua alichokuwa anasoma, akaacha katikati. Masanyiwa alimwendea Namkunda mpaka mezani, akamwinamia, akasema kwa kunong'ona kama mtoto aliyeamshwa usiku, "Mama, badilisha. Nakuomba badilisha. Nitaishije na jambo hili?" Namkunda aliyaandika maneno yake, kwa kuwa yalisemwa ukumbini.

Spika Rukonge aliiacha kelele ikae yenyewe. Alikuwa amezeeka tangu asubuhi. "Basi tumelijua," alisema. "Naahirisha Bunge. Fungueni milango."

Namkunda hakuwahi kuona waheshimiwa wakikimbia. Walisukumana langoni kupata simu zao, majoho na suti, na kila mmoja alipoipata alijitenga pembeni akapiga nyumbani kwake kwanza. Mbunge wa Ngaramo alikuwa anapiga kelele kwa mtu, "Usimguse yeyote, umenielewa? Yeyote atakayepanda, usimguse mpaka nije!" Namkunda alilisikia hilo, akashindwa kujua aogope au ashukuru. Mzee Chikoti alikuwa amesimama karibu na geti, kipuli kiganjani, akimtazama. Hakumsogelea.

Namkunda alichukua simu yake akampigia dada yake, nayo ikaita kwa muda mrefu.

"Namku! Leo umenikumbuka," alisema Eliwaza. Nyuma yake sufuria liligongana na kitu, mtoto akacheka. "Ngoja nipunguze moto, maharage yanafurika."

"Dada, zima jiko. Chukua watoto mtoke sasa hivi. Mpande juu milimani, upande wa mashariki, msisubiri gari."

"Kwani kuna nini?"

"Ukuta wa bwawa. Hautasimama."

"Aa, ule." Eliwaza alicheka kwa uchovu. "Ule unatoka jasho tu, mdogo wangu. Bwana maji alikuja akatutoa wasiwasi. Hata jana nimekinga ndoo mbili za kufulia."

"Dada. Nimemsikia waziri kwa masikio yangu. Una ufa, na wanajua, na mvua hizi hautazivuka."

Kicheko kilikatika. Namkunda alisikia jiko likizimwa, hatua, mlango, sauti ya dada yake ikiwaita watoto kwa majina, mmoja mmoja, ile sauti ya ukali ambayo mama yao alikuwa anaitumia. Halafu Eliwaza alirudi kwenye simu, akihema.

"Umejua lini, Namku?"

Pale langoni watu walikuwa wakipita, wakimgonga mabega, na hakuna aliyekuwa anaandika. Angeweza kusema leo. Lilikuwa neno dogo, na nusu yake ilikuwa kweli.

"Mara nyingi, dada," alisema. "Nimejua mara nyingi."

Eliwaza hakumuuliza maana yake. Namkunda alisikia akimpandisha mtoto mgongoni, akikaza kanga, na simu ikakatwa.